Aliyejifungia Stoo ya Sare

"Ana silaha?" kinyozi aliuliza, akivua kizibao chake cha kung'aa.

"Anayo, ila hajaigusa," sajenti alinong'ona. "Amejifungia stoo ya sare tangu asubuhi, hasikii la mtu. Jina lake usiulize. Wewe ongea naye tu."

Kinyozi alikuwa askari wa akiba. Siku za kazi alinyoa watu. Jumamosi alivaa sare na kupangiwa yale ambayo askari wa kudumu hawayataki: kuelekeza magari uwanjani, kutafuta watoto waliopotea sokoni. Moyo wake ulikuwa kwenye kikosi cha mazungumzo, wale wanaomtoa mtu mafichoni kwa maneno matupu. Mkewe alimcheka: "Domo unalo tayari, mume wangu. Kimebaki cheo."

"Ukimtoa, nafasi nitakuombea," sajenti akasema. "Ukishindwa, rudi kwenye magari yako na usinisumbue tena."

Korido ilijaa askari, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Kando yao alisimama mwanamume mwenye glavu, koleo mkononi. Kinyozi alimdhania fundi wa vitasa, akamwashiria asubiri. Mlango ukivunjwa, nafasi imeota mbawa.

Akaketi sakafuni, mgongo mlangoni. "Kaka, mimi kinyozi tu. Umeamkaje?"

"Vibaya." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. "Sikulala. Naogopa, na sitaki watu wanione naogopa."

Maneno kama hayo kinyozi aliyasikia kila siku, mkasi ukiwa kazini. Akamwonea huruma kwelikweli.

"Kuogopa si aibu, kaka. Mimi mke wangu alijifungua, nikazimia mimi."

"Hawa watanicheka."

"Nani akucheke? Kila mtu hapa ana lake. Hata mkuu wetu wa kituo, mnoko yule, hacheki hata ukimtekenya. Nakuapia, na yeye kuna kitu kinamtoa jasho."

Askari waliangalia viatu vyao. Sajenti alifumba macho.

Ndani kikasikika kicheko kidogo, kikakatizwa na mguno wa maumivu.

"Nikitoka, utakuwa nami?"

"Bega kwa bega. Hilo nakuahidi."

Komeo likalia. Kinyozi akainuka, furaha imemjaa kifuani. Jumamosi za magari zimekwisha. Mlango ukafunguka, na askari wote wakapiga saluti.

"Mnoko, eh?" akasema mkuu wa kituo, shavu moja limevimba. "Nafasi umeipata. Sasa nishike mkono, twende kwa huyo daktari wa meno mwenye koleo."