Leo Asinifukuze

"Zinyoe," alisema mwalimu mstaafu, akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Msichana wa saluni alisita, wembe mkononi. "Nyusi zote, mama?"

"Acha uzi tu. Kama za huyu."

Akaigonga kwa ukucha picha aliyoiegemeza kwenye kioo: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nyusi nyembamba, nywele zimegawanywa katikati, alama nyeusi kando ya mdomo.

Msichana akaisogelea. "Jamani! Kumbe ulikuwa mrembo hivi!"

Mwalimu akaliacha lipite. Picha haikuwa na rangi, na kwa umri wa msichana yule, kila kilichotokea kabla hajazaliwa kilitokea siku moja.

Alijitazama. Miaka sitini na mitatu. Maisha yake yote alijipaka mafuta ya mgando tu, uso na visigino kutoka kopo moja, na sasa uso ulikuwa umekuja kudai haki yake. Mashavu yalikuwa yameshuka kukisalimia kidevu. Kidevu nacho kilishaanza safari ya kwenda kifuani. Kwenye paji la uso palikuwa na mistari ya kutosha kuandikia insha.

"Tuanze na krimu, ngozi inywe kwanza," msichana alisema. "Poda nitaweka kidogo tu. Kwa umri wako inaingia kwenye mikunjo."

"Ikiingia humo usiitafute. Vingi vimepotelea humo."

Msichana akacheka, akaanza kumpaka kwa ncha za vidole, taratibu, kutoka chini kwenda juu. "Haya, niambie. Ni nani huyo unayemnyolea nyusi?"

"Mtu anayenikataa."

"Anakukataa wewe?"

"Jana kanifukuza chumbani kwake. Eti hanijui. Kanirushia na mto." Akajaribu kucheka. "Na bado nimeamka asubuhi kuja kujipodoa, mtu mzima na mvi zangu. Sina hata haya."

"Achana naye, mama!"

"Siwezi. Hataki kula. Ndugu zangu wamesema, akinikataa na leo, wanampeleka hospitali akalishwe kwa mpira wa puani. Na hospitali anavyoiogopa, hatarudi mzima."

Vidole vya msichana vikasimama shavuni. "Mungu wangu. Yote hayo kwa ajili yako?"

"Ingekuwa kwa ajili yangu ningeringa."

Tangu hapo msichana hakutania tena. Alifanya kazi akiwa ameuma mdomo, kama anayepamba bibi harusi. Alififisha weusi chini ya macho, akayachora yale macho kwa wanja, akazipaka nywele rangi na kuzigawanya katikati.

"Na hii alama ya kando ya mdomo? Mbona siku hizi huna?"

"Ichore tu, mwanangu."

Alipomaliza alimgeuzia kiti. Mwalimu alitazama kioo kwa muda mrefu. Hakuwa kijana. Alikuwa mzee aliyepakwa rangi, na angekutana na wanafunzi wake wa zamani njiani angejificha nyuma ya nguzo.

"Atakukumbuka," msichana alisema, machozi yakimlenga. "Akikukataa leo, hana moyo."

Nyumbani, mdogo wake wa kiume alimpokea mlangoni na bakuli la supu. Alitaka kucheka, akashindwa.

"Dada, umejifanya nini?"

"Kituko. Lete bakuli."

Aliingia chumbani peke yake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, moyo ukimwenda mbio kama msichana wa shule, akainua kijiko na kujiandaa kukwepa mto. Macho yaliyokuwa yamegeukia ukutani yakamrudia polepole. Yakapita kwenye nyusi, yakapita kwenye nywele, yakatua kwenye ile alama kando ya mdomo. Yakakaa hapo.

Kisha yule kikongwe wa miaka themanini na minne, aliyemzaa, akafumbua mdomo, akameza kijiko cha kwanza, na akauliza kwa sauti ya mtoto aliyeachwa peke yake kutwa nzima:

"Mama, ulikuwa wapi?"