Mshale Ulioshuka

Mwalimu Saumu, aliyefundisha hali ya hewa na bahari katika chuo cha mabaharia, aliingia darasani akamkuta mwanafunzi wake Shamte peke yake mbele ya barometa, kipimo cha kanieneo ya hewa. Mshale ulikuwa umeshuka mno, kama dhoruba inakuja, ilhali nje jua liliwaka na bendera ya chuo imelala.

"Umeifanya nini?"

"Sijaigusa, mwalimu. Nilikuwa naisoma tu."

Hakumwamini. Asubuhi hiyo maofisa watarajiwa walikuwa wanatoka na meli ya mazoezi, na wote walijua jinsi Shamte alivyotapika safari iliyopita, akaapa hapandi tena. Saumu akamkagua mikono kama vile angekuta alama ya bisibisi. Kisha akaenda ofisini, akafungua kabati ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Mle mlikuwa na barometa nyingine. Nayo mshale wake ulikuwa umeshuka.

Aliteremka gatini karibu mbio, Shamte nyuma yake. Wanafunzi walikuwa wameshapanda.

"Kapteni Dachi, washushe. Dhoruba inakuja."

Nahodha alitazama mbingu, akamtazama Shamte. "Ni huyu mwoga aliyekwambia, mwalimu?"

"Hapana. Ni mimi ninayekwambia."

Kapteni hakuwasha injini. Upepo haukuwepo kabisa. Ndipo wimbi refu, la polepole, likaingia kutoka bahari kuu, likainyanyua meli mpaka kamba zikalia, na nyuma yake likaonekana jingine, kubwa zaidi.