Kidoti cha Buluu

Siku hizi kibodi huandika kilicho moyoni, si kilichobonyezwa. Mama Saumu alibonyeza, "Baba yako hajambo, soma tu mwanangu." Kwenye kioo yakachipuka maneno mengine: "Baba yako hawezi hata kuinua kikombe." Akafuta mara nne, yakarudi mara nne. Saumu alikuwa ng'ambo, amebakiza mwezi mmoja kumaliza udaktari. Angeyasoma hayo, angeacha yote arudi.

Mama Saumu akaifunga kibodi ndani ya kanga, akaipeleka kwa fundi Hemedi.

"Inaandika herufi nisizozibonyeza."

Fundi akacheka. "Basi ni nzima hiyo, Mama Saumu. Wewe unataka niiharibu."

"Nataka initii."

Fundi akabandua vitufe, akang'oa kitu kidogo kama punje ya ulezi. "Itakutii. Ila barua zako hazitakuwa tena na kidoti cha buluu pale mwisho, alama ya kibodi nzima. Usihofu, nani hukitazama?"

Nyumbani akaandika upya. Safari hii maneno yakatulia kama maji ya mtungini. Jibu likaja kabla chai haijapoa: "Alhamdulillahi. Nami sijambo, mama. Nakula, nalala, nasoma."

Mama Saumu akatabasamu. Kisha kidole chake kikateleza taratibu hadi mwisho wa barua ya Saumu. Palikuwa peupe. Akafungua barua ya mwezi uliopita, akafungua ya mwaka jana. Kote peupe.

"Mtoto anasemaje?" mumewe akauliza kutoka chumbani, kwa sauti nyembamba.

"Hajambo," akajibu.