Kipanga Hakaguliwi

Watu wazima arobaini walikuwa wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya banda la kuegeshea ndege, kila mmoja juu ya kibao chenye magurudumu, wakijisukuma taratibu na kushikana mikono. Daktari wa meno alikuwa amemng'ang'ania meneja wa benki kama mtoto aliyepelekwa sokoni. Kipanga alisimama pembeni, mikono kifuani, akawaonea haya.

Jina la Kipanga alijipa mwenyewe. Alikuwa ameruka na parachuti mara nyingi kuliko yeyote pale, na hakuna aliyeachiwa nafasi ya kulisahau hilo.

"Tena," alisema Mjomba, kiongozi wao. "Tunatoka, tunasogea polepole, tunashika. Aliyechelewa akae nje ya duara, asiwaparamie wenzake. Nikitikisa kichwa tunaachiana, kila mtu anageuka na kwenda mbali kabla ya kufungua parachuti. Hakuna kubeba simu wala mkufu, kitu kikichomoka kinamuumiza mwenzako. Nataka mfurahi jamani, ila nataka mfurahi wote, na jioni tule wote."

"Chekechea wangekuwa wameshaielewa hiyo," Kipanga alisema.

Alicheka peke yake.

Mjomba alikuwa mjomba kweli, kaka wa mama mkwe wa Kipanga, na goti lake lilikuwa limekwisha. Daktari alimruhusu mruko mmoja tu, wa leo, basi. Mara mbili walishajaribu kulifunga duara hili. Mara ya kwanza mawingu yaliwakatalia, mara ya pili mtu mmoja aliingia kwa pupa akawasambaratisha. Ndege kubwa waliyoazimwa ilikuwa inarudi kwa wenyewe jioni ileile. Duara likifunga, litaandikwa kuwa kubwa kuliko yote nchini, na mzee atastaafu akiwa na kitu cha kujivunia.

Nje, chini ya turubai, waamuzi wawili walikuwa wanakunywa chai. Walishasema mapema kwamba hawataki kuhadithiwa. Wanataka picha ya duara zima iliyopigwa kutoka juu, kila mkono umeshika mwenzake.

Ndani ya ndege Mjomba alikuwa na sheria isiyo na mjadala: kila mtu anamkagua aliye mbele yake, kuanzia utosini hadi kamba za viatu. Wakaanza kupapasana, wakivuta mikanda, wakigonga helmeti. Kipanga aliona nyani wanaotoana chawa.

Nyuma yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi anayeweza kukagua hata kilichokwisha kukaguliwa.

"Shemeji, geuka nikuangalie."

"Mimi nilianza kujiangalia wewe ukiwa bado shule ya msingi."

"Lakini ndiyo sheria ya Mjomba."

"Mjomba wenu siku hizi anaogopa hata ngazi."

Hakushusha sauti. Mzee alisikia, akainama kurekebisha bandeji ya goti lake. Shemeji mtu akanyoosha mkono kuelekea kichwani kwa Kipanga. Kipanga akaupangusa kama anayefukuza nzi.

"Kagua wenzako hao wanaohitaji yaya," alisema.

Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia kwa kishindo, na muuguzi akameza alichotaka kusema.

Walimwagika nje. Kipanga alibaki juu yao, mwepesi, ametulia, akisubiri kioja. Alishaandaa kabisa maneno ya kuwasimanga wakati wa chakula cha jioni. Bila shaka meneja wa benki angepapatika. Bila shaka mmoja wao angeingia kwa pupa kama mwaka jana.

Hakuna aliyekuwa na pupa. Mkono ulitafuta mkono, ukashika. Daktari wa meno alimfikia meneja wake kwa ulaini ambao wagonjwa wake hawajawahi kuuona. Ikabaki nafasi moja tu, kati ya Mjomba na yule muuguzi. Muuguzi hakukimbilia. Alisogea kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto, akaupokea mkono wa mjomba wake.

Duara likafunga.

Kipanga aliuma meno, akauma tena, na tena. Chini yake mzee aliinua uso, akamtazama, akacheka kwa mdomo wote kama kijana. Kisha akatikisa kichwa, wakaachiana, kila mmoja akashika njia yake. Parachuti zikafunguka, zote.

Ya Kipanga ilifunguka laini kuliko zote, bila kuguswa na mkaguzi yeyote.

"Haya, nani amenikagua?" aliuliza hewani, akajibu kwa kicheko chake mwenyewe.

Alitua kwa miguu yake miwili mbele ya turubai. Wengine walikuja mbio wakikumbatiana na kulia, meneja wa benki akiwa amepoteza kiatu kimoja na hajali. Mjomba alichechemea mbele yao wote, ameegemea bega la muuguzi. Waamuzi waliweka vikombe chini, wakasimama. Watu wote wakamzunguka Kipanga, naye akaona kwamba angalau sasa wamejua nani ni nani.

"Haya mwanangu," Mjomba alisema. "Tuonyeshe."

Kipanga aliwaacha wasubiri kidogo. Kisha akaivua ile helmeti yake nzito na kuigeuza, na kamera iliyofungwa mbele yake, ile aliyoifyatua huko juu kwa swichi ya mdomoni kila alipouma meno, ilikuwa bado na kifuniko chake cheusi cha lenzi.