Shemeji Anapokusafishia Bunduki

Royce aliikagua skrubu ya mwisho ya darubini ya bunduki yake, akaimulika kwa tochi, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na kasoro. Akachungulia ndani ya mtutu, akanusa mafuta, akauvuta mkanda wa bunduki kwa nguvu zake zote. Hakuona hila hata ya dawa.

"Unatafuta nini humo?" mkewe, Nadine, alimuuliza kutoka mlango wa gereji.

"Natafuta alichonifanyia kaka yako."

"Amekusafishia bunduki, Royce. Watu huwa wanasema asante."

Asante ingetoka upesi kama angekuwa mtu mwingine. Huyu alikuwa Garland, na Garland hajamfanyia shemeji yake jambo la bure tangu siku ya harusi. Tena safari hii walikuwa wanashindana. Baba mkwe wa Royce, mzee Orville, alikuwa na sheria moja kwenye kambi yao ya kuwinda kulungu huko milimani Montana: mwenye shabaha mbovu ndiye mpishi. Wenzake wakiondoka na bunduki, yeye anabaki na viazi na masufuria. Miaka nenda miaka rudi mpishi alikuwa Royce, na alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Mwaka huu mzee alisema wote wawili waende kwenye mafunzo ya bunduki ya Bi Verna Lund. Atakayeshindwa mtihani wa mwisho, jiko ni lake.

Garland alishayapitia mafunzo hayo mwaka jana. Kila alipoulizwa mtihani wenyewe ukoje, alisema Bi Verna huwaapisha wanafunzi wasitoe siri.

Basi Royce, kwa kuwa hakujua litakalokuja, alikuwa amenunua kila kitu. Garland alipomtembelea alimkuta amesimama mbele ya kioo, mwili mzima unaning'inia vifuko.

"Shemeji, unaenda darasani au unahama?"

"Nimejiandaa."

"Kisu cha nini? Tunapiga shabaha za mbao, bwana. Unataka kuzichinja?"

Akamvua kimoja kimoja. Vikabaki mkanda wa kiunoni, kifuko cha risasi, vya kuziba masikio, vya kukinga magoti na chupa ya maji. Kisha akatandika taulo kuukuu mezani, akaisafisha bunduki ya Royce mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaitia mafuta, tone hapa, tone pale. Akakaza skrubu za darubini na kuzitia alama kwa rangi ya kucha ya Nadine, ili ikilegea moja ionekane. Akaenda nayo uwanja wa shabaha akapiga, akarekebisha, akapiga, mpaka matundu yote yakakutana mahali pamoja. Hata mkanda wa bunduki alimchagulia mpya. Ulikuwa mrefu kidogo kwa Royce, ambaye hakujaliwa kimo, lakini Garland alisema ndivyo unavyotakiwa kuwa, na Royce hakutaka kubishana na anayejua.

"Na yako utaisafisha lini?"

"Yangu tumezoeana," Garland alijibu.

Wakaenda kwa gari moja. Bunduki ya Garland ilisafiri kiti cha nyuma, katikati ya nyasi kavu na manyoya ya mbwa.

Siku ya kwanza Royce alijishangaa mwenyewe. Kila alipofyatua, mbao ililia. Pembeni yake Garland alikuwa anahangaika: akikoki, bunduki inakwaruza, akipiga, risasi inakwenda inakotaka. Watu wakamtania, naye akacheka pamoja nao.

"Vifaa vyako ni mzigo wako," Bi Verna alimwambia bila huruma. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Mimi nakagua usalama tu."

Wakati wa chakula Royce aliona jambo. Skrubu moja ya darubini ya Garland ilikuwa imetoka nusu, na darubini inacheza. Royce alikuwa na bisibisi mfukoni. Akafungua mdomo aseme, halafu akakumbuka viazi. Akauziba mdomo kwa mkate wenye nyama. Moyo ulimsuta kidogo, akaushushia kahawa.

Jioni alimpigia Nadine simu akiwa na furaha tele. "Mwambie kaka yako aanze kujifunza kumenya vitunguu."

"Anasemaje mwenyewe?"

"Hasemi kitu. Anacheka tu."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Mh," alisema Nadine. "Haya, lala salama."

Kesho yake, kabla ya mtihani, Royce alipangusa bunduki yake kwa upendo, ingawa haikuwa na vumbi. Alishaiona kambi itakavyokuwa: yeye yuko mbele kwenye njia ya kulungu, na moshi wa jiko la mtu mwingine unafuka huko nyuma. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi hivyo.

Bi Verna akawapanga mstari, akapiga makofi.

"Mtihani ni uleule wa kila mwaka. Huko porini mwenzako akivunjika mguu na bunduki yako ikaanguka mtoni, utatumia iliyobaki. Kwa hiyo kila mtu amtafute aliyekuja naye kwenye gari. Toeni risasi, hakikisheni bunduki ni tupu, mbadilishane. Hakuna kusafisha, hakuna kukaza kitu."

Royce aligeuka. Garland alikuwa ameshafika mbele yake, ameshika bunduki yake yenye vumbi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha.

"Haya, shemeji," alisema. "Nipe bunduki yangu."