Kiu ya Garimoshi

Mbweha alipata shaba katikati ya jangwa, lakini shaba haina miguu. Kwa miaka mingi Ngamia ndiye aliyeibeba hadi bandarini, akijivuna kwamba jangwa halimtaki mwingine. Mbweha, ambaye hakuwahi kutulia na wazo moja, akatandaza reli mchangani na kuleta garimoshi.

Ngamia akasimama kando ya reli akilitazama likinywa maji, pipa baada ya pipa.

"Bwana Mbweha, hili ni chuma au ni mlevi?" akacheka. "Mimi nikinywa leo, nimemaliza wiki!"

"Kweli, Mama Ngamia, kiu linayo," Mbweha akasema. "Basi nitalichimbia kisima kila kituo."

Na alichimba, hadi maji yakabubujika yenyewe. Garimoshi likapita likinguruma na mzigo wa ngamia mia, na mji ukaota palipokuwa na mchanga mtupu. Kisha shaba ikaisha. Mbweha akahama, mji ukahama, mchanga ukalala juu ya reli. Ngamia akapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Ngamia alikuwa akivuka jangwa na mwanawe, na mtoto akaanguka kwa kiu mbele ya kituo kilichobomoka. Pale kisimani maji yalikuwa bado yanabubujika.

Mtoto alipokwisha kunywa akauliza, "Mama, nani alituwekea maji haya?"

Ngamia akakitazama kipande cha reli kilichochungulia mchangani, akainamisha shingo.

"Mlevi mmoja mwenye nguvu, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba mlevi yule alinishinda kwa kiu."