Mlango wa Mama Rukia

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala simtafuti wa kumsingizia. Sheria ya siku hizi inajulikana: ukimchora mtu na kumchezesha kwenye skrini, ana hiari yake, na ni lazima umchoree mlango wa kutokea. Wenzangu wa mchezo huu huchora kamlango kama ka banda la kuku. Mimi, kwa kujiamini, nilimchorea marehemu mke wangu mlango wa mninga wenye nakshi. Nani angemkimbia mwanamume mtanashati kama mimi?

Nilimchora jikoni kwetu, picha baada ya picha, mpaka akapepesa macho. Akayatazama masufuria, akanitazama mimi, kisha akaenda moja kwa moja kushika kitasa.

“Mama Rukia, hata salamu?”

“Salama, Baba Rukia. Umekonda.”

“Basi kaa tuzungumze. Nyumba imekuwa kimya mno.”

“Ilikuwa kimya hata nilipokuwamo.”

“Lakini huko nje sijachora kitu! Ni weupe mtupu. Utakwenda wapi?”

Akaufungua mlango.

“Huko huko,” akasema. “Humu kila kitu umenipangia wewe.”